“Rudi Kambini!”: Mwongozo kwa Klabu Ndogo Inayotaka Kukomesha Ubaguzi Uwanjani Kwake

Winga wetu wa kushoto alikosa penalti zikiwa zimebaki dakika chache. Kijana wa miaka 19, mzaliwa wa upande wa Yei huko Sudan Kusini. Alivuka mpaka na mama yake mwaka 2016, akakulia Bidi Bidi, makazi ya wakimbizi wilayani Yumbe, kisha akapanga chumba hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ili awe karibu na mazoezi. Mpira ulipopaa juu ya mtambaapanya, sauti ikatoka upande wa nyasi: “Rudi kambini!” Mmoja akaanza, kumi wakadakia, mwisho upande mzima ukawa unaimba. Hawakuwa mashabiki wa timu ngeni. Walikuwa wetu, wamevaa jezi tulizowauzia sisi.

Mimi nilikuwa katibu. Nilitabasamu kama mtu asiyejua auweke wapi uso wake, kisha nikaangalia saa. Jumatatu kijana hakuja mazoezini. Jumatano hakuja. Simu ikawa haipatikani.

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba wiki chache kabla ya hapo, kwenye kibanda cha video cha mtaani, sisi hao hao tulikuwa tumesimama juu ya mabenchi tukiwalaani mashabiki wa Hispania. Ilikuwa Mei 21, 2023, Vinícius Júnior wa Real Madrid anaitwa nyani katika uwanja wa Mestalla, Valencia. Mwaka uliofuata watu watatu walihukumiwa kifungo cha miezi minane kwa matusi yale, na kibanda kizima kikashangilia habari hiyo. Ubaguzi tulikuwa tunaujua vizuri sana, mradi uko kwenye televisheni.

Haya yafuatayo ni mambo tuliyoyajaribu baada ya aibu ile. Yameandikwa kwa ajili ya viongozi wa klabu za madaraja ya chini, za wilaya, mkoa na ligi za mtaani, ambako hakuna mwanasheria wala ofisa habari, na katibu ndiye pia mweka chaki ya mistari. Aliye Mbarara, Isingiro au Kampala abadilishe majina ya makabila. Kazi ni ile ile.

Hatua ya 1: Andikeni maneno yenyewe

Msianze na bango. Sijaona bango lililomnyamazisha mtu. Anzeni na daftari.

Ketini watu watano au sita, na angalau wawili wao wasiwe viongozi. Sisi tulimwita mama anayeuza chapati langoni na kijana wa bodaboda anayeegesha nyuma ya goli la kusini. Hao husikia mambo yasiyomfikia mwenyekiti aliyekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai. Kila mmoja ataje matusi anayoyasikia siku ya mechi, bila kuyalainisha, na mwandishi ayaandike kwa lugha ile ile yaliyotamkwa.

Daftari letu lilijaa haraka kuliko tulivyotarajia. “Rudi kambini” ilikuwa ya kwanza. Ikafuata mizaha ya weusi wa ngozi kwa wachezaji wa Sudan Kusini, inayotoka vinywani mwa watu weusi kama mimi. Mkongomani kuitwa mwizi kabla hajagusa kitu. Mnubi kuambiwa hana kabila, ingawa Wanubi wametajwa katika orodha ya makabila ya nchi ndani ya Katiba. Mkaramojong kuulizwa ng’ombe wake amewaacha wapi. Beki wetu mmoja aliyewahi kucheza Kampala akatuambia kule yeye ndiye aliyekuwa akiitwa “Anyanya”, jina la waasi wa zamani wa Sudan lililogeuzwa tusi la kumtupia mtu yeyote wa kaskazini. Kwa hiyo anayetukana Arua hutukanwa akishuka Kampala, na hilo peke yake lilitupa kazi ya kufikiri kwa jioni nzima.

Hapo kutakuwa na mtu wa kusema: “Lakini huo si ubaguzi wa rangi. Sisi sote ni weusi.” Jiandaeni naye, maana hakosi. Kanuni za nidhamu za FIFA, kifungu cha 15, hazikuishia kwenye rangi. Zinataja pia asili ya kikabila na ya kitaifa, lugha, dini, jinsia, ulemavu na hali ya kijamii. Ibara ya 21 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo inakataza kumbagua mtu kwa rangi, kabila, kuzaliwa kwake, dini na mengineyo. Kumwambia mtu arudi kambini kwa sababu ni mkimbizi kumo humo.

Wa pili atasema: “Ni utani tu.” Huyu ni mgumu zaidi, kwa sababu utani kweli upo na tunaupenda. Mlugbara na Mwalur wanaweza kuvunjana mbavu sokoni kutwa nzima na hakuna anayelala na kinyongo. Kipimo tulichokubaliana ni hiki: mtani hujibu. Utani una watu wawili, na kila mmoja anayo nafasi ya kurudisha. Mchezaji aliye uwanjani hana nafasi hiyo. Akijibu jukwaa atapewa kadi, asipojibu ataendelea kuchomwa. Basi kutoka jukwaani kwenda kwa mchezaji hakuna utani, hata kama watu wenyewe ni watani kila siku nyingine ya wiki.

Hatua ya 2: Hesabuni walio nje ya kikao

Chukueni karatasi, choreni uwanja wenu katikati, kisha mtembee kwa miguu mitaa inayouzunguka. Andikeni nani anaishi wapi na nani anafanya biashara gani. Karatasi yetu ilionyesha Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wamadi, Wanubi, wafanyabiashara wa vitenge kutoka upande wa Ariwara nchini Kongo, Wasomali, Wahindi wenye maduka ya jumla, na vyumba vingi vya kupanga vilivyojaa wanafunzi wa Sudan Kusini ambao familia zao ziko Rhino Camp na Imvepi. Kisha tukaandika pembeni majina ya kamati ya klabu. Watu tisa, makabila mawili, wanaume wote.

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, na sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kutembea na kufanya kazi. Hawa si wapita njia. Wananunua tiketi, wanajaza bodaboda kwenda uwanjani, watoto wao wanaokota mipira nyuma ya goli. Kwenye kamati hawamo.

Kuwaalika kuna namna yake. Barua yenye mhuri haisaidii. Tuliandika barua saba, akaja mtu mmoja, naye alidhani anaitwa kuhusu deni. Nendeni wenyewe, wawili wawili, mmoja wenu awe mtu mzima anayeheshimika. Kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa au kijiji, mpitie kwanza, si kwa kuomba ruhusa bali asije akasikia habari zenu kwa watu. Msikitini nendeni baada ya swala ya Ijumaa, mumwone imamu, na msimsimamishe mlangoni watu wakiwa wanatoka, subirini akae. Kanisani ombeni nafasi ya tangazo fupi. Kwenye makazi ya wakimbizi (serikali inasema “makazi”, mtaani tunasema “kambi”) kuna kamanda wa makazi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, na kuna viongozi waliochaguliwa na wakimbizi wenyewe. Mkimwona kamanda peke yake mtapata kibali bila watu. Mkiwaona viongozi peke yao mtapata watu bila kibali.

Ziara ya kwanza msiombe pesa. Hili nalisisitiza kwa sababu ya wafanyabiashara wa Kihindi. Klabu nyingi za nchi hii humkumbuka Mhindi siku jezi zinapochakaa. Amezoea: akimwona katibu wa timu mlangoni, mkono wake tayari uko kwenye droo. Familia kama yake zilipewa siku 90 za kuondoka nchini mwaka 1972, na waliorudi baadaye, au waliokuja wapya, wanajua kabisa kwamba wakarimu wa leo wanaweza kubadilika. Mzee mmoja wa duka la vyuma alituuliza, kwa Kiswahili safi kuliko changu, kwa nini miaka yote hajawahi kualikwa kuja kutazama mechi tu. Hatukuwa na jibu. Sasa ana kiti chake, na akitoa kitu akashukuriwa kwenye kipaza sauti, hutajwa kwa jina, si “Muyindi wetu”.

Wazee wenyeji nao wana maswali yao. Watauliza kwa nini nafasi za vijana wetu wapewe wageni. Msiwajibu kwa hotuba ya haki za binadamu. Waombeni wasimulie walikuwa wapi kati ya mwaka 1979 na katikati ya miaka ya 1980. Idi Amin, aliyetoka huku kwetu West Nile, alipoangushwa, watu wa eneo hili walilipiziwa kisasi kwa jumla, aliyehusika na asiyehusika, wakakimbilia Zaire na Sudan. Katika kikao chetu mzee mmoja aliinuka kupinga, akaanza kuhesabu miaka aliyoishi ukimbizini, akafika kwenye jina la mahali: Yei. Huko huko anakotoka yule winga. Akakaa chini. Hatukumwongezea neno.

Hatua ya 3: Chagueni lugha ya kipaza sauti kwa akili

Watu wengi, hasa sisi tunaokipenda Kiswahili, hudhani kikitangazwa uwanjani basi kila mtu amekaribishwa, maana si lugha ya kabila fulani. Nchini Uganda mambo hayako hivyo. Kiswahili kilitajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kitumike rasmi. Sawa. Lakini mkumbukeni mzee wa Kampala aliyeishi miaka ya mwanzo ya 1980. Alikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kwenye mdomo wa mwenye bunduki. Maneno “panda gari” yalikuwa jina la msako, na watu waliopandishwa magari yale si wote waliorudi. Ukimpigia mzee huyo tangazo la Kiswahili kwa sauti ya ukali, hujamkaribisha.

Arua ni kinyume chake. Hapa Kiswahili ni lugha ya soko, kimechanganyika na Kilingala, na watu hupunguziana bei kwacho. Kwa hiyo pimeni mahali mlipo. Sisi tunatangaza kwa Kilugbara na Kiswahili, kisha mambo ya usalama tunayarudia kwa Kiarabu cha Juba. Mtu wa kukitangaza tulimpata karibu kuliko tulivyofikiri: Kinubi na Kiarabu cha Juba ni ndugu, na hajjat mmoja wa Kinubi anayesuka mikeka karibu na uwanja alikuwa akizungumza na wanafunzi wa Sudan Kusini miaka yote bila sisi kujua. Sasa yeye ndiye sauti yetu. Ana ukali wa mama mwenye watoto wengi, na jukwaa linamwogopa kuliko polisi.

Majina ni sehemu ya lugha. Kabla ya msimu, kila mchezaji atamke jina lake mbele ya mtangazaji mara tatu, na mtangazaji aandike jinsi alivyolisikia. Mchezaji atajwe kwa jina na namba, basi. Asitajwe kabila lake, nchi yake wala kambi aliyotoka, hata kwa kumsifu. “Mkimbizi wetu hodari” ni sifa inayomkumbusha kila mtu kwamba yeye si wa hapa.

Nyimbo za jukwaani hazihitaji kikao. Waachieni wenyewe. Tarumbeta za agwara za Waalur na ngoma ya doluka ya Kinubi zilikutana upande wa nyasi siku moja bila mpango wa mtu, na makelele yake yaliwatisha wapinzani ipasavyo.

Hatua ya 4: Karatasi zisije zikawa ubaguzi mwingine

Hapa ndipo klabu zenye nia njema hujikwaa. Mnamkaribisha kijana wa makazi, anafanya mazoezi miezi minne, siku ya usajili mnamwambia hana karatasi. Kwake hakuna tofauti kati ya hilo na “rudi kambini”. Kwa hiyo yajueni mapema.

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyewahi kusajiliwa nchi nyingine anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, hata kama timu aliyochezea huko ilikuwa ndogo. Muulizeni kwa upole na kwa ukweli. Wengine huficha kwa kuhofia kukataliwa, kisha klabu nzima ikaingia matatani.

Aliye chini ya miaka 18 na si raia ana mlango mwembamba zaidi. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji kinazuia watoto kuhamishwa kimataifa, na kinahusu pia usajili wa kwanza wa mtoto wa kigeni. Lakini kina ruhusa zake maalumu, na tatu zinatuhusu sana huku. Mtoto ambaye wazazi wake walihamia kwa sababu zisizo za mpira. Mtoto aliyekimbia bila wazazi kwa kuhofia maisha au uhuru wake. Na mtoto wa mpakani: nyumbani kwao kusiwe mbali na mpaka zaidi ya kilomita 50, klabu nayo vivyo hivyo, kati ya nyumba na klabu kusizidi kilomita 100, aendelee kuishi kwao, na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali. Kwa Arua, yenye Kongo mlangoni, huo wa mwisho si wa vitabuni tu. Upo pia mlango wa mtoto aliyeishi nchini mfululizo angalau miaka mitano kabla ya kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na wengi waliokuja 2016 wamo humo.

Maombi haya hupitia FUFA, shirikisho la mpira la Uganda. Kusanyeni mapema kitambulisho cha mkimbizi au karatasi ya usajili wa familia, barua ya shule, na uthibitisho wa mzazi au mlezi. Tengeni faili moja kwa kila kijana, na nakala zake mwenyewe apewe mkononi. Anayehifadhi faili asiwe mtu anayehama na makaratasi ya klabu kila akikosana na mwenyekiti. Sote tunamjua mtu huyo.

Anayesubiri majibu afanye mazoezi kama wengine, asafiri na timu, akae benchi akiwa na fulana ya klabu.

Hatua ya 5: Amueni kabla ya filimbi nani atafanya nini

Mimi niliangalia saa kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia kitu kingine cha kufanya. Panapokuwa na jambo la aibu mbele ya watu mia tano, mtu hufuata alichozoea, na tulichokizoea ni kunyamaza.

Kwenye mashindano ya FIFA kuna hatua tatu. Refa anasimamisha mchezo na tangazo linatolewa. Matusi yakirudi, timu zinaingia vyumbani kwa muda, tangazo la pili linatolewa. Yakiendelea, mechi inavunjwa. Mei 2024, katika mkutano wake mkuu uliofanyika Bangkok, FIFA na vyama wanachama vyote 211 vilikubaliana pia juu ya ishara: mchezaji aliyetukanwa hupishanisha mikono kwenye vifundo vya viganja, refa akajua. Kwa mchezaji au ofisa anayemtukana mwingine kibaguzi, kifungu kile cha 15 kinataka afungiwe si chini ya mechi 10.

Someni kanuni za ligi yenu zinasema nini, kisha nendeni kwa refa na kamisaa saa moja kabla ya mchezo, pamoja na nahodha wa timu ngeni. Waambieni: “Ishara hii ikionekana, tunaomba usimame. Sisi wenyeji hatutalalamika.” Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Marefa wa madaraja yetu huogopa kusimamisha mechi kwa sababu wanajua wenyeji ndio watakaowazingira. Tangu tuanze kuisema, marefa wamekuwa wakitushika mkono kwa namna nyingine kabisa.

Tangazo liandikwe tayari, fupi, na mwenye kipaza sauti awe nalo mfukoni. Letu ni hili: “Ndugu mashabiki, refa amesimamisha mchezo kwa sababu ya matusi ya kibaguzi kutoka upande wa nyasi. Yakirudiwa, timu zinaingia ndani. Yakiendelea, mechi inavunjwa na hasara ni ya kwetu.” Halafu hajjat analirudia kwa lugha yake. Msiongeze mahubiri.

Vijana wa usalama watoke kwenye mitaa ile ile mliyoiandika kwenye karatasi, na wapangwe wawili wawili wasiotoka kabila moja. Wasibebe fimbo. Kazi yao ni kumjua aliyeanza, maana kila mara kuna mmoja anayeanza, na kumwondoa kimya kimya wakati umati bado haujamdakia. Simu zirekodi jukwaa, zisimrekodi aliyetukanwa. Picha ya kijana analia itazunguka mitandaoni kwa wiki nzima, huku aliyemliza akinywa soda yake.

Tena, na hili ni la kufa na kupona: aliyetukana asipigwe. Tunajua umati wa nchi yetu ukishasikia “huyo!” hufanya nini. Kijana wa usalama akiona mikono inainuka, anamlinda mkosaji kwanza, maswali baadaye. Kukiwa na vitisho au vurugu, aitwe polisi.

Hatua ya 6: Jioni ile ile, nendeni nyumbani kwake

Si kesho. Wawili wenu mwende alikopanga chumba yule aliyetukanwa, mkae, mle kama kuna chakula. Msianze na “usijali”. Muulizeni alichosikia, na anataka nini kifanyike. Wengine wanataka mkosaji aombe radhi hadharani, wengine hawataki kabisa jambo liendelee kutajwa. Msimlazimishe kushikana mikono mbele ya kamera. Kama ana mzazi au mlezi kambini, apigiwe simu na mtu mzima wa klabu kabla habari haijamfikia imekuzwa.

Kwa mkosaji, adhabu yetu ni kukosa mechi tano za nyumbani. Anarudi akiwa na mzee wa ukoo wake au kiongozi wa mtaa anayemdhamini, na mbele ya kamati anatamka alichosema. Kutamka kwenyewe ni kugumu kuliko faini. Tulijaribu faini mara ya kwanza: marafiki zake walichanga, akawa shujaa. Tukaiacha. Akirudia, hana tena nafasi kwa msimu mzima. Mtoto hatumfungii. Tunaenda kwao, kwa sababu wimbo ule hakuutunga yeye.

Mchezaji wetu akimtukana mpinzani, kocha asimfiche nyuma ya “alichokozwa”. Tulimfungia mshambuliaji wetu tegemeo wakati tunapigania kubaki kwenye daraja. Tulipoteza mechi mbili, na wapo wasionisalimia hadi leo.

Hatua ya 7: Mkiandaa bonanza, changanyeni timu

Mashirika na klabu hupenda kuandaa kombe la amani: Timu Uganda dhidi ya Timu Sudan Kusini, Timu Kongo dhidi ya Timu Burundi. Jina zuri, mpango mbovu. Unawachukua watu ambao wiki nzima wanaitana mgeni na mwenyeji, unawavalisha jezi za kuwatofautisha, kisha unashangaa dakika ya 70 mawe yanaporuka. Nimeona, na jiwe moja lilinipata begani.

Pigeni kura. Andikeni majina, tieni kwenye kofia, kila timu itoke ilivyotoka, ipewe jina la mtaa au la mti. Atakayekupa pasi ndiye mwenzako kwa siku hiyo. Timu za kiasili zina mahali pake: mashindano ya FUFA Drum, yaliyoanza mwaka 2018, yanagawanya nchi kwa majimbo yake ya asili, na watu hujivunia ngoma na nguo zao. Lakini pale kuna shirikisho, polisi, marefa wa daraja la juu na viwanja vyenye uzio. Ninyi mna kamba na vijana wanane.

Ratiba nayo iangaliwe. Mwezi wa Ramadhani tunafanya mazoezi mepesi asubuhi mapema, na mechi za kirafiki hatuzipangi saa ya futari. Ijumaa mchana hatuna kikao. Kwa wachezaji Wasabato tunajitahidi Jumamosi, ingawa ratiba ya ligi si yetu. Wasichana wawe na siku yao ya uwanja iliyoandikwa kwenye kalenda, isiwe “tutaona”.

Na kama kuna mtu bado anabisha kwamba klabu ni ya wenye mji tu, mpelekeni Lugogo, Kampala, mkamwonyeshe uwanja wa KCCA. Una jina la Phillip Omondi, jina la Kiluo katikati ya Buganda. Mwaka 1978 alimaliza akiwa mmoja wa wafungaji bora wa Kombe la Mataifa ya Afrika, Cranes, timu ya taifa ya Uganda, walipofika fainali na kufungwa 2–0 na Ghana mjini Accra. Mashabiki wa KCC, kama KCCA ilivyoitwa wakati huo, hawakumwita mgeni.

Hatua ya 8: Tunzeni daftari

Daftari lile la hatua ya kwanza lisitupwe. Lichoreni safu tano: tarehe, maneno yaliyosemwa, upande wa uwanja, aliyetukanwa (herufi za kwanza tu), na hatua iliyochukuliwa. Katibu aliandike usiku wa mechi, kabla ya kulala, na lisomwe kwenye kikao cha kila mwezi kabla ya habari za fedha. Mkiona upande mmoja wa uwanja unajirudia, hamishieni vijana wa usalama huko. Mkiona kurasa tatu ziko tupu, msifurahi upesi. Mwulizeni mama wa chapati.

La kwetu linaanza na tarehe ya penalti ile, niliyoiandika baadaye kwa kumbukumbu. Maneno yapo, upande wa uwanja upo, herufi za jina zipo. Safu ya hatua iliyochukuliwa ni nyeupe.